Juu ya Shingo Sigusi

Katika duka letu la steshenari pale Geita kuna koti moja jeusi la suti ambalo limevaliwa na wachimbaji wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na halijawahi kufuliwa. Limo ndani ya kompyuta. Mtu anaingia kutoka machimboni, vumbi hadi kwenye kope, anataka picha ndogo ya kuombea kazi. Namkalisha mbele ya shuka la bluu, nampiga picha, kisha namvalisha koti, shati jeupe na tai yenye mistari. Mnene linamtosha, mwembamba linamtosha. Wengine huitazama ile picha muda mrefu, kisha wanaondoka wakitembea taratibu, mikono nyuma, kama koti bado wanalo.

Watu huniuliza kama huo si udanganyifu. Swali hilo linaniudhi, hasa likiulizwa na mtu aliyevaa wigi. Jibu langu ni kwamba nina sheria: kuanzia shingoni kwenda chini nitakuvalisha chochote unachotaka, juu ya shingo sigusi. Kovu litabaki, chunusi itabaki, pengo litabaki pengo. Rangi ndiyo sithubutu kabisa. Dada mmoja muuza mitumba aliwahi kuniomba nimfanye mweupe kidogo tu, nikamwambia sina rangi ya kumwongezea, hili ni duka la karatasi. Hakurudi tena, na kopi zake sasa anatoa kwa jirani.

Mume wangu nilimpata kwa sheria hiyohiyo. Alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na alikaa mbele ya shuka la bluu uso umejaa grisi. Akauliza kama kompyuta inaweza kuitoa. Nikamwambia kompyuta haiwezi ila maji yanaweza, nikampa ndoo na kipande cha sabuni nyuma ya duka. Akarudi na uso ambao nilipenda kuutazama. Tangu hapo akawa anapita kila mara kutoa kopi ya cheti kilekile cha kuzaliwa, mpaka bosi wangu akaanza kuuliza kama huyu mtu anazaliwa upya kila wiki.

Sasa niseme jambo ambalo haliwezi kuonekana kwenye maandishi: mimi ni mweusi. Si maji ya kunde, ni mweusi hasa. Na kwetu Usukumani rangi ya binti haiishii kwenye kioo. Wazee wakikaa kupanga mahari, binti mweupe huongezewa ng'ombe, na mweusi husifiwa tabia. Mimi tangu nikiwa mdogo kijijini Didia nilisifiwa sana tabia.

Mambo yalipofika kwa wazee, upande wa mwanaume, watu wa karibu na Buzwagi, wakaomba picha yangu kabla hawajaja. Kazi hiyo aliibeba shangazi, dada yake baba, kwa kuwa alikuwa amenunua simu mpya. Kamera ya simu ile humng'arisha mtu bila kuombwa. Alinipiga uani kwetu Didia nikianika michembe, na picha ilipotokea nilidhani ni ya jirani. Ngozi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, pua imechongwa, hata vipande vya viazi mbele yangu vilikuwa vimetakata. Nikamwambia aifute. Akajibu kwamba yeye hajagusa kitu, simu yenyewe ndiyo imeniona hivyo. Wakati naendelea kubisha, alikuwa ameshaituma.

Majibu yalikuja mazuri kupita kiasi. Ng'ombe walitajwa wa kutosha kumfanya baba aanze kukarabati zizi. Na ili kuonyesha hawatanii, wale wakwe watarajiwa nao wakatuma picha ya ng'ombe wenyewe. Baba alishinda nayo kutwa, akiwaonyesha majirani. Ng'ombe walikuwa wanene, wanang'aa, na mwanaume mmoja amesimama katikati yao ameshika fimbo. Mimi kazi yangu ilinisaliti: niliona mara moja kwamba kwenye picha ile kila kitu kimenenepa. Mti wa nyuma umenenepa. Yule mwenye fimbo alikuwa na shingo sawa na ya dume lililosimama mbele yake. Mtu alikuwa ameivuta picha kwa upana.

Nikanyamaza. Watu wa nyumbani walidhani ni adabu ya bi harusi, kumbe ilikuwa woga. Nilimpenda yule fundi, na nilikuwa nimeona posa zikivunjika kwa jambo dogo kuliko hilo.

Siku ya ugeni wazee walikuja wakiongozwa na baba mkubwa wa mchumba, mzee mrefu mwenye kofia ya pama. Mshenga alikuwapo. Mchumba mwenyewe aliwekwa mwisho wa benchi, kimya, kama inavyotakiwa. Nilipiga magoti, nikawaamkia, nikapitisha maji ya kunawa. Baba mkubwa alinawa, akajifuta, akatoa simu, akaitazama, akanitazama. Kisha akamgeukia baba kwa upole kabisa.

"Tumeshukuru kwa maji," akasema. "Sasa tuitieni binti mwenyewe."

Shangazi alipata kikohozi cha ghafla. Mimi bado nilikuwa chini na jagi mkononi, na niliona kwamba nisipojibu mimi tutakaa vile mpaka jioni.

"Ndiye mimi, baba."

Akaisogeza simu karibu na shavu langu, akalinganisha, kama muuza duka anayekagua noti. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Akasema wao ni watu wazima, hawawezi kuuziwa mbuzi kwenye gunia: ama mahari izungumzwe upya, ama warudi walikotoka. Shangazi akaruka kunitetea. Akaeleza kuhusu simu, kuhusu mwanga, kuhusu jua la Geita lililoniunguza, akaapa kwamba nikikaa ndani miezi michache nitatakata. Maneno ya mzee yaliniumiza, lakini haya ya shangazi ndiyo yaliyonichoma. Watu wa kwetu walikuwa wanaitetea picha, na mimi nipo pale pale.

Hasira ikashinda woga. Nikaomba, kwa heshima zote, ile picha ya ng'ombe nayo itolewe. Mama alinikata jicho. Bi harusi haongei. Nikauliza kama ule mti wa nyuma nao ni sehemu ya mahari, maana naona umenona. Baba akavaa miwani, akafungua simu yake. Alitazama mti, akatazama ng'ombe, akamtazama yule mwenye fimbo, kisha akainua macho polepole kumwelekea mshenga. Ndiye aliyekuwa kwenye picha. Alikuwa amekaa mbele yetu na shingo yake nyembamba ya siku zote, na alipoona benchi zima linaitazama aliifunika kwa mkono.

Baba mkubwa hakukubali kushindwa. Alisema ng'ombe ni jambo jingine, ng'ombe akipata majani atafika kwenye unene wa picha, lakini mtu mweusi hafiki kwenye weupe. Ilikuwa hoja nzuri, na ninaikumbuka mpaka leo kwa chuki. Baba akajibu kwamba binti angalau amepiga magoti hapa kila mtu amwone, je, ng'ombe wako wapi? Hapo sauti zikaanza kupanda. Mshenga, akitafuta mahali pa kuipeleka lawama, akamgeukia mchumba na kumuuliza yeye huo weupe aliuona wapi.

"Mimi sikutumiwa picha," mume wangu akasema.

Akaongeza kwamba anayemjua yeye ni huyu aliyempa sabuni, na huyu ndiye aliyekuja kumposa.

Wazee wakakubaliana kwamba kosa ni la simu. Uamuzi huo uliwaridhisha wote, kwa kuwa simu haina ukoo wa kuitetea. Hata hivyo ng'ombe walipunguzwa, na walipoletwa mbavu zao zilihesabika kutoka barabarani. Mti haukuletwa. Niliolewa na mtu niliyemtaka, huku nikiwa na hasira ambayo haionekani kwenye picha za harusi, kwa sababu mpiga picha wa Kahama aliiondoa pamoja na rangi yangu. Baba mkubwa anang'aa katika picha hizo kuliko hata mimi. Moja ameitundika sebuleni kwake, na sijamsikia akilalamika.

Kisha nikajifungua binti, mweusi kama mimi mpaka kwenye vifundo vya vidole. Baba mkubwa alikuja kumwona, akampakata, akapigwa naye picha kwa simu yake mpya, akaondoka kwa furaha. Haikupita muda akaingia dukani kwangu peke yake, pama mkononi, macho ya mtu asiyelala.

Alikuwa ameituma picha kwa ukoo mzima, na ukoo ukaanza kuuliza. Mtoto mweupe vile katoka wapi? Upande wao hakuna mweupe, upande wetu mmoja aliyedhaniwa mweupe iligundulika siye. Bibi mmoja aliuliza waziwazi ni wateja gani wengine hupita dukani kwangu. Nikamwambia picha nyingine itapigwa, kwa kamera yangu. Hakutaka, alitaka ileile, kwa kuwa ndiyo waliyoiona, na ndimo alimompakata mjukuu wake.

"Mayu, wewe ndiye fundi," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mrekebishe."

Nikamweleza sheria yangu ya shingo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka simu juu ya kaunta.

"Mfanye afanane na mama yake."

Nilimwomba arudie, nikasingizia kelele za mashine ya kopi, ambayo haikuwa imewashwa. Akarudia kwa sauti zaidi, mpaka wateja waliokuwa kwenye foleni wakageuka kunitazama. Ndipo nikavuta kiti, nikaifungua ile picha, nikaanza na paji la uso.