Beki Mchunga Ng'ombe

Jirani akimwaga samadi mbichi bustanini, harufu yake hunirudisha utotoni, golini kwetu Kizwite, upepo baridi ukipenya fulana yangu ya mtumba. Bila kwa bila, dakika za mwisho, mbuzi wa mshindi amefungwa nyuma yangu.

Beki wetu wa kati alikuwa mtoto wa wafugaji waliohamia karibuni. Winga wa timu ya Chala alikokota mpira hadi pembeni kabisa, beki wetu akamfuata.

"Rudi kati! Rudi!" nilipiga kelele.

Hakurudi. Krosi ikamkuta mshambuliaji peke yake mbele yangu. Goli.

Tukamzonga beki wetu kwa lawama. Baba yake akaja taratibu, fimbo begani. Hakuna aliyekumbuka kumwamkia.

"Mwacheni," alisema. "Ng'ombe mmoja akijitenga na kundi, anafuatwa. Mimi ndiye niliyemfundisha."