Mama alivyoiosha picha ya babu kabla ya mtaalamu kuikagua umri

Wakuu, niaje. Hii siitii chumvi. Ilitokea kwetu, mtaa wa Tena, miaka ya tisini, na nikiikumbuka kichwa bado kinaniuma.

Sebuleni tulikuwa na picha ya kuchorwa kwa rangi kwenye kitambaa, iliyotoka kwa nyanya, mamake Baba, Bungoma: ng'ombe wawili na mto. Haikuwa na sahihi. Baba, mtu wa reli, aliamini ilichorwa na babake, aliyefariki yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Binamu yake alimcheka, "Hiyo picha nyanya aliinunua sokoni, sisi tukiwa shule!"

Kwa hivyo swali lilikuwa moja: picha imemzidi Baba umri au la? Kama ni changa, basi hakuna kitu cha babu kilichobaki duniani.

Baba akampata mzee kanisani, aliyewahi kurekebisha picha kuukuu. Akasema sahihi si lazima, atasoma mgongo wa picha. Kitambaa hugeuka kahawia, mbao za fremu hukolea weusi, misumari hushika kutu. Angekuja Jumamosi.

Sasa mnajua mama zetu wakisikia mgeni anakuja. Vitambaa vya makochi vikafuliwa. Mapazia yakafuliwa. Na picha je, ibaki na vumbi, mgeni aende akaseme nini?

Ijumaa, Baba akiwa kazini, Mama akausugua mgongo wa picha kwa sabuni na brashi. Halafu akaipeleka kwa fundi Kayole, ikatiwa mbao mpya na misumari mipya. Jamani!

Mzee akafika, akapewa chai, akageuza picha. Kitambaa kilikuwa cheupe kama shati la Jumapili.

"Mama, mbao za zamani ziko wapi?"

"Si ndizo zimechemsha hiyo chai unakunywa," Mama akajibu, tena kwa tabasamu. "Zilikuwa zimeoza."

Baba akainama jikoni na suti yake ya kanisani, akachakura majivu, akatoka na misumari iliyoungua. Mzee akaitazama, akatikisa kichwa. "Hii pekee haiwezi kuniambia kitu."

Wakuu, kama una picha usiyojua umri wake, usiuguse mgongo. Ule uchafu ndio ushahidi.

Baba alifariki bila jibu. Tulipotoa ile suti tumzike nayo, misumari ilikuwa bado mfukoni. Mama akasema iachwe humo humo.

Haya, kwenu kulioshwa nini? Semeni, nijue siko peke yangu.