Panya wetu wa kisukari walikuwa wakila kwa siri, nikaponea chupuchupu kufutwa kazi

Wakuu, hamjambo. Mnivumilie, natype kwa kidole kimoja. Chumvi sijaongeza.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilitoka kijijini Ikonge na cheti changu cha maabara nikapata kazi kwenye maabara ndogo Kisii mjini. Nyumbani walijua napima watu. Sikuwaambia ni panya.

Kazi yenyewe: tunawadunga panya kemikali ya kuharibu kongosho, wanapata kisukari. Halafu daktari, mkuu wa maabara, anawapa dawa ya mizizi aone kama sukari itashuka. Kila Alhamisi asubuhi natoa tone la damu mkiani mwa kila mmoja, nachanganya na kemikali, nachemsha, nasoma rangi.

Vile vimashine vyenu vya kupima sukari kidoleni? Thubutu, havikuwapo.

Sharti ni moja, wasile tangu jioni.

Sasa sukari ikakataa kushuka. Wiki ya tatu daktari akaniambia shida si dawa, ni mpimaji, na Alhamisi ikiwa hivyo tena nirudi kwetu. Niliogopa sana, wakuu. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta ng'ombe wa mahari.

Alhamisi hiyo nikawahi kazini. Nikamkuta Mama Kerubo, mfagiaji wetu, ameinama kwenye vizimba anawamegea panya ndizi mbivu, anawabembeleza kwa Kigusii.

Nilipomuuliza, akashangaa swali lenyewe. Si ni wagonjwa? Si wamekonda? Kwao Marani mgonjwa hadungwi sindano akiwa na njaa.

Kumchongea nilishindwa. Yeye ana watoto, mimi hata mke sina. Nikamwambia tu kwamba leo nafutwa kazi, naye akaingia kwa daktari na kikapu chake cha ndizi.

"Usimfukuze huyu mtoto. Anapima vizuri. Ni mimi nawalisha."

Daktari akafura. Akauliza amewalisha wangapi.

"Wote, isipokuwa wa pembeni. Huyo alikataa ndizi tangu mwanzo."

Daktari akafungua daftari. Panya wa pembeni, namba saba, sukari yake ilikuwa imeshuka wiki baada ya wiki. Daktari mwenyewe alikuwa amezikata hesabu hizo kwa kalamu nyekundu na kuandika: kosa la mpimaji.

Alicheka mpaka akavua miwani. Tukaanza upya, na Mama Kerubo akakabidhiwa ulishaji, kwa saa zilizopangwa.

Mimi nilistaafu bado nashika mikia. Funzo langu: hesabu zikigoma, kabla hujamlaumu mtu, muulize anayefagia.

Haya, mliopitia maabara, nani aliwahi kuharibu kazi kwa huruma? Semeni, nasoma polepole lakini nasoma zote.