Mgonjwa wa Mfano

Mama jirani aliingia bila kupiga hodi. Hapa Kibiti, asiyepiga hodi ama nyumba inaungua ama kaja kwa ugomvi.

"Mwanangu, umemtia binti yangu kifua kikuu. Tumekukosea nini siye?"

Nilikuwa natafuta kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, na waajiri wa siku hizi hawaridhiki na vyeti, wanataka waone kazi zako mtandaoni. Basi nikajenga tovuti yangu, nikaweka humo picha ya programu niliyoitunga kwa ajili ya zahanati. Wagonjwa wa kweli siwezi kuwaanika, kwa hiyo nikabuni mmoja: msichana wa hapa hapa Kibiti, jina la kawaida, la babake la kawaida, ugonjwa kifua kikuu. Nikajiona mjanja. Lakini huku majina ni yale yale; ukibuni moja, umeshamwita mtu.

Aliyeitika alikuwa binti wa mama huyu, naye ameposwa. Picha ilizunguka kwenye simu mpaka ikafika Chumbi kwa upande wa mwanamume, nao wakawa kimya. Mshenga wao angekuja alasiri ile ile.

"Naifuta sasa hivi," nikasema.

"Ukifuta watasema tumeficha."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Nikabeba kompyuta nikamfuata mpaka kwake.

Mshenga alikuwa mzee wa kofia safi na maneno laini. Alisema wao hawana neno, ila ndoa ni ya watu wengi na ndugu wanauliza. Nikamweleza kwamba ule ni mfano tu, programu huonyesha chochote unachoiandikia. Akatabasamu, kama anamsikiliza mtoto anayedanganya. Binti alikuwa nyuma ya pazia, namsikia anavyojizuia kulia. Hasira zikanipanda.

"Basi mzee, andika wewe jina lolote."

"Langu linatosha," akasema, hana wasiwasi. Akaliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Nikabonyeza. Jina lake likatokea, na pembeni yake ugonjwa ule ule wa mfano: kifua kikuu. Mmoja wa ndugu aliokuja nao akasogeza kiti mbali naye kidogo.

Mzee akamwona.

"Futa, mwanangu. Watu hawaulizi kama ni mfano."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikamwambia nitafuta akishatamka kwamba posa iko pale pale.