Pikipiki Iliyowaka kwa Kiki Moja

Harufu ya mafuta machafu ya moteri hunirudisha uani kwetu Butembo, wakati wa vita. Papa alikuwa amefungua pikipiki yake kurekebisha supape, yaani vali za moteri, na mnyororo wa ndani ya moteri ameufunga kwa waya usidumbukie.

“Baba batoto, iache vile,” mama alimwambia. “Basoda hapana kubeba pikipiki yenye kufunguliwa.”

“Mais mimi hapana kuacha kazi katikati.”

Akalinganisha alama za giya mbili za mnyororo huo, ya juu na ya chini, jino moja lisiruke, akafunga. Ikawaka kwa kiki moja. Wanajeshi waliokuwa wakipita wakasikia, wakaingia, wakamwamuru awapeleke mjini Beni. Mlio wake ulikuwa safi, tuliusikia mpaka ng'ambo ya kilima. Papa hakurudi.

Hata leo, mtu akipiga kiki, moyoni naomba ikatae.