Karanga za Mdogo Wangu

Jumamosi iliyopita, sokoni Kamembe, nilisimama mbele ya mama anayesaga karanga, na pua ikanirudisha kijijini Gikundamvura kabla sijauliza bei. Ndugu yangu, kama umewahi kurudishwa utotoni na harufu, utanielewa nilivyoganda pale huku wateja wakinisukuma.

Tulikuwa tumerudi kutoka Congo, tukakaa kwa Koko, bibi yetu mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na paa lake turubai tulilopewa na shirika la Kikristo, ambalo kila mtu aliliita shitingi. Mvua iliponyesha hatukusikiana. Asubuhi tuliteka maji, mchana tulipalilia mihogo, na jioni mimi, mdogo wangu na watoto wa mama mkubwa tulizunguka sahani moja.

Mdogo wangu alikuwa amekonda hata kilio chake kilikuwa hakisikiki vizuri. Wafanyakazi wa shirika walikuja kanisani, wakasali, kisha wakampima mkono kwa utepe wa rangi. Ukasimama kwenye nyekundu, rangi ya hatari. Muuguzi wao akampa Koko pakiti za karanga zilizosagwa na maziwa na sukari, akaeleza kwamba ni za mtoto huyo. Koko aliitikia kwa heshima zote. Tulipofika nyumbani akakata ncha ya pakiti, akatuita, akamkamulia kila mtoto kidogo kwenye kidole. Jamani, utamu ule! Tulilamba hadi kucha.

Wiki zilipita na utepe haukutoka kwenye nyekundu. Koko aliomba hadi sauti ikamkauka. Siku moja muuguzi alifika kwetu bila taarifa, akatukuta tumenyoosha vidole. Hakumkaripia mtu. Alikaa mkekani karibu na Koko, akasema polepole:

"Koko, hii ni dawa yake. Mukigabana, huyu mutoto atakufa."

Koko alitutazama sisi tulionyoosha vidole. Kisha akasema, "Kwangu muntu hakulake peke yake, bengine banamuangalia."

Muuguzi hakubishana naye. Alikwenda kuzungumza na akina mama wa kanisa, na tangu hapo kila asubuhi mmoja wao alikuja kutupikia uji sisi wengine uani. Wakati huo huo Koko alimbeba mdogo wangu hadi nyuma ya nyumba, migombani, akamfunika kwa kitenge chake tusimwone, akamlisha pakiti nzima. Nilichungulia. Koko alikuwa akilia, akimwomba Mungu amsamehe kwa kumfundisha mtoto kula kwa kujificha.

Utepe ulifika njano, baadaye kijani.

Leo Koko hayupo. Shirika lilifunga ofisi yake, shitingi iling'olewa yakaja mabati, na wale mama wa uji wengi tumeshawazika. Roho inaniuma nikiwakumbuka, maana hakuna hata mmoja niliyewahi kumwambia asante.

Nilinunua kopo la karanga zile, nikampelekea mdogo wangu huko Gihundwe, anakoishi na watoto wake. Kabla sijaketi alishawaita, vidole vikanyooshwa. Nikamwambia nimemletea yeye tu. Yeye hakumbuki lolote, alikuwa mdogo mno. Alicheka, akaniuliza, "Na weye, nani alikufundisha choyo?"

Nilimjua aliyenifundisha. Ni Koko, asubuhi zile za migombani tu, na zilimliza.