Nilivyopinga Matanga Mbele ya Wafiwa

Ndugu zangu, mke wangu amenikataza kusimulia jambo hili mbele ya wageni, maana yeye huona aibu kwa niaba yangu, lakini leo hayupo, basi sogeeni niwape mkasa nilioufanya kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya vita, Bujumbura, wakati kila shughuli ilibanwa mchana kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Nilikuwa mwalimu kijana wa falsafa, nimeandika makala juu ya mwanafalsafa mmoja wa Uchina ya kale, yule aliyewagombeza wenzake kwa kufuja mali kwenye mazishi na kuomboleza miaka mitatu. Profesa Salvator, mhariri wa jarida letu, alikuwa upande wa wale Wachina wengine, wapenda taratibu za kuheshimu wafu, akaniambia wazi kwamba makala haichapwi mpaka niitetee mbele yake na mbele ya watu. Na bila makala, mkataba wangu wa kazi usingeongezwa (ndiyo, nilikuwa natetea ugali wangu).

Tukaazima ukumbi wa kanisa, pale paruwasi, Jumamosi mchana. Nafika, nakuta umejaa! Akina mama wamevaa vitenge vya maana, wanaume wamefunga tai, nami nikavimba kichwa, nikajisemea kumbe falsafa ya Kichina inapendwa hivi mjini (jamani, nani amewahi kuona mhadhara wa falsafa umejaa?). Salvator hayupo, amekwama kwenye kizuizi cha askari njia ya Kinama. Badala ya kumngoja, nikapanda jukwaani, nikaacha Kifaransa changu, nikaanza kwa Kiswahili ili wote wafaidi.

Bila kumtaja yule Mchina wangu kwa jina, nikasema mtu huyu alikuwa fundi, aliyependa watu wote bila kubagua. Ukumbi ukaitikia, "Ni kweli kabisa!" Mama mmoja akafuta machozi. Nami, mjinga, nikapandisha sauti, nikasema angetuona leo tunavyonunua kreti za bia kwa ajili ya maiti angetushangaa, maana anayelisha umati kwa jina la marehemu anawaibia walio hai.

Safari hii macho yote yakahamia nyuma yangu.

Ndipo nikageuka, nikaona ukutani picha ya mzee mmoja imezungushiwa maua, na chini yake kreti zimepangwa. Familia iliyopangiwa ukumbi baada yangu ilikuwa imekuja kuanua matanga, ikawahi mapema ili wageni wafike kwao kabla ya giza, na kwa kuwa kwetu chupa hazifunguliwi kabla mtu hajatoa hotuba, waliponiona na makaratasi wakadhani ndimi msemaji wao.

Mjane, yule aliyefuta machozi, akasimama.

"Mutoto wangu, bwana yangu alikuwa seremala. Mu hii vita alitengeneza masanduku ya watu wengi, na wengine walizikwa bila hata mutu mumoja wa kuwalilia. Wa kwangu mi nilitaka apate watu. Hii bia ni ya kuita watu. Sasa we umesema, na mi nimekujibu. Mumupe kinywaji."

Mngekataa nyinyi? Nikapokea kwa mikono miwili, nikaomba msamaha, nikanywa huku nalia. Na hapo ndipo Salvator akaingia, jasho linamtoka, akaniona nimekaa katikati ya wafiwa, chupa mkononi.

"Mon cher, rafiki yangu, naona mjadala umeisha."

"Umeisha, Profesa. Umeshinda."

Mjane akamweleza yote. Profesa alicheka mpaka akavua miwani.

"Makala tutaichapa," akasema. "Lakini jibu la kuipinga utaliandika we mwenyewe, na maneno ya huyu mama uyaweke mbele."

Nikaliandika, likasomwa kuliko makala yenyewe, na mkataba nikaongezewa. Yule Mchina bado nampenda na bado namfundisha. Ila siku hizi nikialikwa kuzungumza ukumbi wowote, hata bibi harusi awe amesimama mbele yangu na shela lake, nauliza kwanza mlangoni, kwa sauti ya chini: samahani, hapa amefariki nani?